Masazo ya Kombaini Yangu

Vijana wa Gitting, siku ile mliponiita kwenye ukumbi wa kanisa mkaniuliza watu watafanya kazi gani mashine zitakapoweza kila kitu, niliwajibu kwa kifupi kwa sababu chai yangu ilikuwa inapoa. Leo nimekaa vizuri, nawajibu kwa urefu. Ila mnisome kwa tahadhari. Nimetabiri mambo ya mashine kwa miaka mingi kuliko umri wenu, na sijapatia hata mara moja.

Kwa msionijua, mimi ndiye Baba Yosefu, dereva mstaafu wa kombaini. Kombaini ni lile dude mnaloliona likipanda kutoka Katesh msimu wa mavuno. Linaingia kwenye ngano iliyosimama, linaikata, linaipukuchua na kuipepeta, punje zinaingia kwenye tenki, makapi yanatemwa nyuma. Dereva anakaa juu, mbele, kwenye kibanda cha vioo. Anauona mlima wote wa Hanang, na watu anawaona wadogo. Ukikaa huko juu muda mrefu unaanza kuamini kwamba kweli ni wadogo.

Kazi nilifundishwa na Fundi Petro, mtu wa Endagikot, mfupi, sauti ya kukwaruza, ambaye injini alizisemesha kwa Kiiraqw na sisi wanafunzi akatusemesha kwa Kiswahili cha amri. Ilikuwa kule tambarare, kwenye mashamba makubwa ya ngano ya wakati wa serikali. Mengi aliyonifundisha bado ni kweli. Ngano ya kuvuna unaiuma kwanza. Ikivunjika kwa mlio, ingia shambani. Ikinata kwenye jino, zima mashine ukae chini, hata kama bosi amesimama pale ameshika kiuno. Upande wa mlima umande unachelewa kukauka, kwa hiyo usianze kabla ya saa nne hata jua likikudanganya. Jiwe kubwa usiliogope, maana utaliona. Ogopa lile la ukubwa wa ngumi.

Na jambo la kwanza kuliko yote lilikuwa kushuka. Kila baada ya mizunguko michache unasimamisha mashine, unashuka ngazi, unaenda nyuma, unapiga magoti, unachota makapi kwa viganja viwili na kuyapuliza polepole. Punje zikibaki chache kiganjani, sawa. Zikibaki nyingi, ujue mashine inatupa ngano pamoja na makapi, kwa hiyo punguza upepo wa feni na urekebishe chekeche. Fundi Petro alikuwa akisema kwamba dereva asiyepiga magoti nyuma ya mashine yake hajui kama anavuna au anapanda.

Nilipiga magoti vizuri sana kila aliponitazama. Alipohamishiwa karakana, nikaona magoti ni mambo ya wanafunzi, nikabaki juu.

Mjue pia kwamba nilikuwa na ugonjwa mwingine, wa kupenda sifa. Nilitaka ngano ya kwenye tenki langu iwe safi, isiwe na kapi hata moja. Mwenye shamba akiingiza mkono kwenye gunia akasema, "Baba Yosefu, hii hata kupepeta haihitaji," mimi wiki nzima nilikuwa natembea kifua mbele. Sasa, ngano safi inapatikana kwa kuongeza upepo wa feni. Ukiongeza upepo, makapi yote yanaruka. Kinachoruka pamoja na makapi unakijua ukishuka tu, na mimi nilikuwa nimeacha kushuka. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa niliongeza feni.

Kisha ukaja wakati wa soko huria. Mambo ya mashamba makubwa yakabadilika, mitambo ikauzwa kwa yeyote aliyeweza kununua. Kombaini yangu ilinunuliwa na Mzee Hhando, mfanyabiashara wa Katesh, ambaye hakuwahi kuendesha kitu chenye injini lakini alijua kuhesabu mawingu. Akanichukua pamoja na mashine, nadhani alifikiri tumeuzwa kifurushi kimoja. Tukaacha mashamba yasiyo na mwisho, tukaanza kuzungukia wakulima wadogo wa miteremkoni, Gitting na mpaka Nangwa, kwenye vishamba ambavyo ukigeuza kombaini umeshaingia kwa jirani.

Msimu wa kwanza nikajitambulisha vilivyo. Nilimaliza shamba, tenki limejaa, nikashika barabara kuelekea Nangwa. Nikasahau kufunga mlango wa bomba la kumwagia. Njiani nikaona kwenye kioo cha pembeni watu wanakimbia nyuma yangu, wanawake kwa watoto, wananipungia mikono. Nikajisemea, watu wa huku wana upendo. Nikawapungia na mimi, nikapiga na honi. Nilipofika Nangwa tenki lilikuwa tupu, na barabara nzima nyuma yangu ilikuwa imejaa watu wenye nyungo. Mzee Hhando alichungulia tenki, kisha akaniuliza kama nilikuwa naogopa kupotea njia ya kurudi.

Mtu mwingine angejifunza pale. Nyani haoni kundule, na dereva wa kombaini haoni nyuma ya mashine.

Niwaeleze desturi ya masazo, maana wengine mnakua hamuijui. Kwetu shamba likishavunwa, magunia ni ya mwenye shamba, masazo ni ya watu, mabua ni ya ng'ombe. Wanawake wanasubiri ukingoni na nyungo na vikapu mpaka mwenye shamba achukue gunia la mwisho na kusema "ingieni." Wanaingia wazee kwanza, kisha wajane, kisha wengine. Wanaokota masuke yaliyoanguka, wanapekua makapi, wanapepeta. Wakitoka wao, wafugaji wa tambarare wanaleta mifugo kula mabua. Hakuna aliyempa mwenzake kitu, na hakuna anayesema asante. Ni utaratibu tu.

Katika utaratibu huo mimi nilikuwa mfalme. Wanawake walikuwa wakimuuliza Mzee Hhando kabisa: msimu huu analeta nani, Baba Yosefu au yule dereva wake wa akiba? Wakisikia ni mimi, ukingoni panajaa. Waliniletea maziwa ya mgando kwenye vibuyu, waliniletea viazi vya kuchoma, walimwombea mwenye mashine na mashine yenyewe. Nilinenepa mpaka kibanda kikawa kinanibana. Nyumbani nikawa namwambia Mama Yosefu kwamba wanawake wa Gitting wanatambua ufundi wanapouona. Mke wangu alikuwa akijibu "ehe" na kuendelea na kazi zake.

Ishara nilipewa nyingi. Gidamis, mfugaji mmoja wa tambarare, alinilalamikia kwamba ng'ombe wake wakila mabua mahali nilipopita wanavimba matumbo, wakila alipopita yule dereva wa akiba hawapati shida. Ng'ombe akila punje nyingi za ngano anavimba, hilo kila mtu analijua, na mimi nililijua. Nikamshauri awachunguze ng'ombe wake, huenda wana minyoo.

Kwa kuwa nilikuwa mfalme, nilihutubia pia. Ilikuwa miaka ile tulipokatwa kutoka Arusha tukawa Mkoa wa Manyara, na kila mtu alikuwa akitabiri. Wengine walitabiri lami, wengine hospitali. Mimi nilipanda ngazi ya kombaini wakati wa chakula cha mchana nikawatabiria akina mama siku zijazo. Niliwaambia siku inakuja ambapo kombaini itatoka yenyewe bandani, itapanda Gitting bila dereva, itavuna, itashona magunia, itarudi. Jembe litalima lenyewe, maji yatapanda mlima yenyewe. Watu watakaa kwenye ubaridi na kupiga hadithi, kazi itabaki kuwa jambo la kuwasimulia wajukuu.

Mama Sabina alikuwa kila mara anakaa mbele. Huyu ni mama mmoja aliyefiwa na binti yake akabaki na wajukuu watatu. Ardhi yake ilikuwa kipande cha bustani upande wenye mteremko mkali, cha kutosha sukuma wiki na vitunguu. Masazo ndiyo yaliyokuwa shamba lake. Aliokota msimu mzima, akajaza pipa, na pipa lile liliwafikisha watoto mpaka maharage ya mwaka mwingine.

Akauliza, "Na kwenye hizo siku zako, Baba Yosefu, sisi tutaokota wapi?"

Nikamjibu kwamba hakutakuwa na haja ya kuokota kwa sababu kutakuwa na kila kitu. Akasema sawa, akainuka kwenda kuokota. Nilimwona ni mama mzuri mwenye mawazo mafupi.

Miaka ikapita, na utabiri wangu ukaanza kunifuata. Mzee Hhando akanunua kombaini nyingine, iliyokuwa imetumika nje lakini kwetu ilikuwa mpya kabisa. Ina kompyuta. Inashika mstari yenyewe kwa kufuata setilaiti, na ngano ikianza kutoka nyuma pamoja na makapi, inapiga kengele na kioo kinageuka chekundu. Ilikuja na binti mtaalamu kutoka Arusha anayeitwa Neema, mpole, mwenye adabu, ambaye aliniamkia shikamoo kila tulipokutana hata kama ilikuwa mara ya nne siku hiyo. Kazi yake ilikuwa kutufundisha. Mimi nikasema sifundishwi kabla hatujashindana.

Tukashindana kwenye shamba la Mzee Tluway, mwenyekiti wa wakulima wa ngano wa pale. Shamba likagawanywa katikati kwa kamba, nusu yangu, nusu ya kompyuta. Niliongeza feni kidogo, ili ngano yangu ing'ae siku hiyo. Tulipomaliza, Mzee Tluway akachukua gunia lake la mwisho, akageukia ukingoni akasema, "Ingieni."

Wanawake wote wakaja upande wangu, wazee kwa vijana, hakubaki mtu. Kwenye nusu ya Neema hapakuwa na hata kuku.

Nilipanda ngazi nikapunga mikono yote miwili, kama mgombea aliyetangazwa ameshinda. Kisha nikamwonea huruma yule binti amesimama peke yake karibu na mashine yake. Nikamfuata nikamwambia asivunjike moyo, watu wa huku ni wagumu kidogo kwa vitu vipya, watamzoea. Akasema, "Asante, Mzee." Nadhani alikuwa anauma ulimi.

Nikarudi kupokea pongezi. Mama Sabina alikuwa ameinama, ungo umeshajaa, anaanza kikapu. Nikamuuliza amezionaje mashine mbili hizi.

"Ya kwako nzuri," akasema bila kuinuka. "Ile ya yule binti haiachi kitu."

"Haiachi kitu, maana yake nini?"

Hapo akainuka akanitazama, akidhani natania. Alipoona sitanii, uso wake ukabadilika, akawa kama mtu anayetafuta namna ya kutoa taarifa ya msiba.

"Baba Yosefu, wewe unaacha. Madereva wote wanaacha kidogo, lakini wewe unaacha sana. Hukuwa unajua?"

Nilipiga magoti. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za Fundi Petro, nilipiga magoti nyuma ya kombaini yangu, nikachota makapi, nikapuliza. Makapi yaliruka, na viganja vyote viwili vikabaki na ngano. Nikasogea mbele hatua chache nikachota tena, nikitumaini pale nilipochota pana kosa. Ngano ilikuwa nyingi zaidi. Nilimshukuru Mungu kwamba Fundi Petro alikuwa ameshastaafu kwao Endagikot na hana namna ya kuniona.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Nilitegemea apigwe na butwaa. Aliendelea kumenya viazi akaniuliza, "Wewe ulifikiri yale maziwa yalikuwa ya nini?"

Msimu uliofuata kombaini yangu ya zamani ilipumzishwa bandani, na mimi, kwa heshima ya umri, nikawekwa kwenye ile mpya. Kazi yangu ikawa kukaa. Mashine ilishika mstari yenyewe, mimi nikaigeuza tu mwisho wa shamba. Wiki ya kwanza nilishika usukani kwa nguvu na kuuzungusha kidogo kidogo bila sababu, ili watu waliokuwa barabarani wasijue. Mashine haikunisikiliza wala haikukasirika. Na kama mnataka kujua mtu aliyechukuliwa kazi na mashine anajisikiaje, anajisikia kama mgeni aliyekaribishwa kiti kizuri na kuambiwa asiguse kitu.

Lakini hiyo ilikuwa shida yangu na inachekesha. Isiyochekesha ilikuwa nyuma yangu. Sasa kulikuwa na kamera, kwa hiyo nyuma nilipaona. Niliwaona wanawake wanaingia baada ya kuambiwa ingieni, wanatembea, wanainama, wanainuka. Siku ya kwanza waliinama mara nyingi. Baada ya siku chache walikuwa wanatembea tu. Wengine wakaacha kuja. Mama Sabina hakuacha. Alizunguka shamba zima na kurudi na ungo ambao ungeweza kuubeba kwa vidole viwili.

Mwisho wa msimu ule alikuja kwetu kumwona mke wangu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta natengeneza mpini. Alisema pipa halikufika nusu, kwa hiyo atawagawa watoto. Mkubwa ataenda kwa mjomba wake Mbulu, wa kati Babati kwa watu wa baba yake, yeye atabaki na mdogo. Alisema amewaambia ni kwenda kusalimia. Aliongea kwa utaratibu kama anapanga kazi za shamba.

Iliniuma, wanangu. Iliniuma vibaya. Miaka yote nilikuwa nalisha ile nyumba bila kujua, nikijisifu kwa jambo lingine kabisa. Sasa nimejua, na mkono wangu hauna tena kazi. Nilikumbuka lile swali lake la wapi wataokota, na jinsi nilivyomjibu nikiwa juu ya ngazi, na nikaona aibu peke yangu pale nyuma ya ukuta.

Nikajaribu ujanja. Msimu mpya ulipoanza niliongeza feni kimya kimya kama zamani. Kengele ikalia, kioo kikawa chekundu, na kabla sijafika mwisho wa mstari simu yangu ikaita. Ni Mzee Hhando kutoka Katesh. Mashine ilikuwa imemtumia habari. Akaniuliza, "Baba Yosefu, umelala huko juu?" Nikasema kulikuwa na upepo. Akasema kompyuta haijaona upepo.

Nikaona hakuna njia ila kikao. Nilimwomba Mzee Tluway aite wakulima nyumbani kwake, na akina mama wa masazo pia, kabla mashine haijaendelea na mashamba mengine. Nikajiandaa kwa hotuba nzito. Nilitaka kuwaambia kwamba miaka yote wamekuwa wakipoteza ngano kwa uzembe wangu, na wao kupoteza huko hakukuwaua njaa, ila kuna watu wameponea njaa kwa kuokota kilichopotea. Kwa hiyo waache tena, safari hii kwa kujua. Nilijua nitatoka pale bila jina. Usiku uliotangulia mke wangu alinipigia pasi shati.

Nilisimama nikasema sehemu ya kwanza. Wakulima wakatazama chini. Mmoja akakohoa. Mzee Tluway akaniambia nikae.

"Hilo tunalijua," akasema.

"Mnalijua tangu lini?"

"Tangu mwaka ule ulipokuja. Mama yangu aliokota nyuma yako mpaka Mungu alipomchukua. Wa huyu pia. Shangazi yake yule pia. Ningekukataza, nyumbani ningesema nini?"

Basi, katika Gitting nzima, mtu mmoja tu ndiye hakujua Baba Yosefu anaendeshaje kombaini, na alikuwa amevaa shati langu.

Baada ya kicheko kikao kikawa kigumu. Mkulima mmoja akasema zamani ngano ilikuwa inaanguka yenyewe, hakuna wa kulaumiwa, lakini sasa tumelipia akili ya mashine, je, tuiambie ijifanye mjinga? Wengine wakaguna kumuunga mkono, na kusema kweli hoja ilikuwa ya maana. Mzee Tluway akapendekeza kila mmoja aache pembe moja ya shamba bila kuvunwa, akina mama waje na mundu. Watu wakaona hilo ni jambo la Kikristo, wakataka kufunga kikao.

Mama Sabina akaomba nafasi. Aliwasalimia wakubwa kwanza, kisha akasema, "Pembe mkinipa, hiyo ni sadaka. Sadaka nitapokea siku nikiwa mgonjwa, na nitashukuru. Sasa hivi nina mikono. Masazo sipewi na mtu, naokota. Wajukuu wangu nawaambia bibi ametoka kazini."

Wanaume tulikuwa tumetafuta wema na tulikuwa karibu kumnyang'anya kazi mara ya pili.

Neema alikuwa amekuja kukagua mashine na kukaribishwa uji. Akanyoosha mkono kama yuko darasani, akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa na kichwa cha kuliuliza: "Mzee alikuwa anaacha kiasi gani?"

Akaeleza kwamba mashine haina neno. Ikiambiwa isiache, haiachi. Ikiambiwa iache kiasi fulani, itaacha kiasi hichohicho, na haitapiga kengele wala simu. Inataka tu mtu wa kuiambia. Mzee Tluway akasema kwa shamba lake yeye ameshaamua iache, wengine waseme ya kwao. Wengi wakakubali, wachache wakakataa, na mpaka leo wachache hao hawaachi, ni haki yao. Mzee Hhando kule Katesh alipopigiwa simu alisema ngano si yake, wenye ngano wakiridhika yeye hana ugomvi.

Kesho yake tukaenda shambani kuipima, na hiyo ndiyo siku niliyochekwa kuliko zote. Neema alikaa juu, akina mama wakakaa nyuma. Mashine ikaenda kidogo, ikasimama. Mama Sabina akachota makapi, akapuliza, akatazama kiganja, akatikisa kichwa.

"Bado," akasema. "Alikuwa anaacha zaidi ya hapo."

Neema akaongeza feni. Mashine ikaenda, ikasimama. Akapuliza.

"Bado."

Nikamwomba asikilize dhamiri yake. Akasema anaisikiliza. Feni ikaongezwa tena. Safari hii akina mama kadhaa wakachota pamoja naye, wakalinganisha viganja, wakashauriana kwa Kiiraqw, wengine wakijifuta machozi kwa kucheka.

"Hapo," akasema Mama Sabina. "Hapo ni yeye kabisa."

Neema akauhifadhi mpango ule kwenye kompyuta. Mashine ikamtaka aupe jina. Mkifungua kile kioo leo mtakuta majina ya aina za ngano, majina ya mashamba, na katikati pameandikwa BABA YOSEFU. Ukibonyeza hapo, mashine ya kisasa kuliko zote mkoani inavuna vibaya kama mimi. Msimu ule pipa la Mama Sabina lilijaa. Aliyekuwa amepelekwa Mbulu akarudi na begi lake, na wa Babati akaja baada yake, amejifunza matusi mapya.

Sasa lile swali lenu. Mimi nadhani mashine isiyo na kiti inakuja. Neema anasema ipo tayari huko ng'ambo. Itatoka bandani saa nne umande ukikauka, haitahitaji kuuma ngano kwa sababu haina meno wala wasiwasi. Itakutana na nyingine barabarani, na sijui ipi itamwamkia mwenzake, labda ile ya mwaka wa zamani itangoja shikamoo mpaka betri iishe. Mtakuwa na kazi gani siku hizo, kwa kweli sijui. Niliwahi kusema kwamba watu watakaa kwenye ubaridi, na mmeona nilivyo bingwa. Najua hili tu, kwamba mashine itafanya ilivyoambiwa mpaka mwisho wa shamba, na haitageuka kutazama nani yuko nyuma. Kwa hiyo kila mnapoletewa moja, ulizeni zamani kilikuwa kinaanguka nini, na nani alikuwa anakiokota. Ulizeni mapema, kabla ya mtu kufunga begi la mtoto.

Mimi siku hizi naumwa goti, lile ambalo sikulitumia kazini. Kombaini inaendeshwa na kijana ambaye macho yake yako kwenye simu, na mstari wake umenyooka kuliko wangu wote. Msimu uliopita, jua likielekea kushuka, nilikuwa nimekaa nje ya nyumba, Mama Sabina akapita akitoka shambani kwa Mzee Tluway. Amezeeka, mjukuu mkubwa ndiye anayembebea kikapu, lakini ungo anaubeba mwenyewe. Alikuwa amechoka kama mtu aliyetoka kazini. Akasimama, tukasalimiana, akanionyesha ungo umejaa.

"Leo umeacha vizuri, Baba Yosefu," akasema.

Nikamwambia asante. Siku hiyo nzima nilikuwa nyumbani, nachambua maharage.